Mwezi wa Kupiga Mbizi Alionipangia Binti Yangu

Tiketi ya kwanza niliinunua mwenyewe bila kumuuliza mtu. Niliondoka Katoro alfajiri, nikafika Mwanza, nikaingia kwa wakala wa ndege na kumwambia yule dada wa mezani kwamba nataka kwenda visiwa vya Karibi, wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Aliniangalia kuanzia kofia mpaka katambuga.

"Shikamoo mzee. Unakwenda kwa shughuli gani?"

"Marahaba. Nakwenda kupiga mbizi."

Alidhani namtania. Nikamwonyesha pasipoti, mpya kabisa, akaacha kucheka na kuanza kubonyeza kompyuta yake. Nikatoka pale na karatasi yangu mfukoni, nikajiona mtu wa maana sana.

Tamaa hiyo alinitia binti yangu wa mwisho. Amezaliwa Katoro na kukulia Katoro, kwenye vumbi la barabara na honi za bodaboda, mahali ambapo maji ya kumfika mtu shingoni huyaoni labda shimo lifurike. Nilimsomesha kwa mawe ya dhahabu ya machimbo ya Nyarugusu mpaka chuo cha mambo ya bahari huko pwani. Nilidhani anasomea samaki wa kuuza. Kumbe mwenzangu alikuwa anasomea matumbawe, yale yanayofanana na mawe chini ya bahari lakini yana uhai. Sasa yuko kisiwani Karibi mwaka wa pili. Anavaa mtungi wa hewa mgongoni, anashuka, anahesabu yaliyokufa na yaliyoota, na anapandikiza vipande vipya kama sisi tunavyopanda marando ya viazi. Wageni nao huwashusha, mmoja mmoja, kwa mkono.

Nilitaka kushuka naye pale anapofanyia kazi, angalau mara moja, nimwone akiwa kazini. Baba yangu mimi hakuwahi. Alikuja Nyarugusu siku moja, akachungulia shimo langu, akatema mate pembeni, akapanda gari kurudi Shinyanga. Hatukulizungumza tena mpaka akafa.

Na muda haukuwepo wa kuchezea. Mkataba wa binti yangu ulikuwa unakwisha mwezi wa kumi na mbili. Baada ya hapo anakwenda kusoma zaidi kwenye nchi ya baridi, ambako bahari yake, kwa maelezo yake mwenyewe, huwezi kumwingiza mzee ukamtoa mzima. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huo au tuache kabisa.

Mwezi wa kumi niliuchagua kwa akili. Mtu yeyote wa mashimo angeuchagua huo huo. Kwetu mvua hukatika mwezi wa tano. Ukifika wa tisa na wa kumi ardhi imekauka mpaka inalia ukiikanyaga. Kuta za duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, zinakuwa zimekaza kama tofali la kuchoma, na maji ya chini yamepungua hata pampu moja inayamaliza. Huo ndio wakati wa kushuka. Mvua ikianza, mwenye akili anapandisha vifaa vyake na kurudi shambani. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka thelathini. Nikasema, kama kushuka ni kushuka, nitashuka mwezi mkavu. Haikunijia kichwani kwamba ukame wetu hauwahusu watu wa upande wa pili wa dunia.

Jioni ile nilikuwa uani na mke wangu, binti akapiga simu ya video. Kwake ilikuwa bado asubuhi, nyuma yake maji yanang'aa.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nimeshakata tiketi."

"Ya lini?"

"Mwezi wa kumi, wiki ya kwanza."

"Baba! Umelipa?"

"Kwani tiketi wanagawa?"

"Bila kuniuliza?"

"Tangu lini mzazi anaomba ruhusa kwa mtoto?"

Mke wangu akachombeza, "Mseme, mwanangu. Mimi mwenyewe kanificha. Nilijua amekwenda Mwanza kutafuta spea ya pampu."

"Baba, mwezi wa tisa na wa kumi huku ndiyo katikati ya msimu wa vimbunga. Sikupeleki baharini mwezi huo."

"Mimi nimeshuka mita sitini kwa kamba ya katani. Usinitishe na upepo."

"Sawa. Nikuulize kitu basi. Pale Nyarugusu, nani alikuwa anasema leo watu washuke au wasishuke? Si wewe mwenye duara?"

Nilijua anakokwenda. Nikajitia kukohoa.

"Jibu, baba watoto," mke wangu akasema.

"Mshika winchi," nikajibu.

"Na huku kwangu winchi kashika nani?"

Mke wangu alicheka mpaka simu ikamwangukia mapajani, binti akabaki anaangalia kitenge.

Hapo lazima nieleze, maana asiyekaa machimboni hatajua kwa nini maneno hayo yalinifunga mdomo. Winchi ni gogo la kuviringishia kamba mdomoni mwa shimo, lina mikono miwili ya kuzungushia. Watu wanashuka kwa kamba hiyo, na mawe yanapanda kwa kamba hiyo hiyo. Mimi nilianza mambo ya dhahabu nikiwa mshika winchi, kwa sababu nilipofika kutoka Shinyanga nilikuja na mikono yangu na darasa la nne, sikuwa na kingine. Siku moja mvua imenyesha kutwa, kesho yake mwenye duara akataka watu washuke. Niliona ufa pale mdomoni, mwembamba kama uzi. Nikaukalia ule mkono wa winchi. Nikasema hashuki mtu. Akanitukana mimi na ukoo wangu, nikakaa. Akanipiga kofi mbele ya watu, nikakaa. Akanifukuza kazi, akaweka mwingine, watu wakashuka. Na unajua kilichotokea? Hakikutokea kitu. Lile duara halikuanguka siku hiyo wala wiki hiyo wala mwaka ule. Watu walinicheka sokoni Katoro mpaka nikawa napita njia za nyuma.

Nilipopata duara langu mwenyewe, sheria ya kwanza niliyoweka ni kwamba mshika winchi akisema hapana, ni hapana, hata mimi mwenye mali nikilia machozi. Wenzangu waliniona mjinga. Siku nyingine nilikaa na wachimbaji ishirini wanakula ugali wangu na kucheza bao, jua linawaka, kisa mshika winchi hajaridhika na udongo. Lakini kwenye duara langu sikumzika mtu. Hilo nalisema kwa kujivuna na sitaki mtu aniambie nipunguze sauti.

Watoto wangu wote wamekua wakiisikia sheria hiyo. Sikujua kama kuna mmoja aliyeitunza ili aje anifunge nayo.

Nikarudi Mwanza kubadilisha tiketi, ikawa ya mwisho wa Novemba kama alivyotaka. Kulikuwa na faini, hiyo tuiache.

Kuanzia hapo, kila Jumapili jioni, binti alinitumia ramani kwenye simu na kunipigia tuitazame pamoja. Ni picha ya bahari iliyopigwa kutoka juu kabisa, buluu tupu, na mawingu meupe yanajizungusha kama povu la sabuni kwenye beseni. Akanieleza kwamba bahari yao inachemka polepole tangu katikati ya mwaka, kama sufuria juu ya moto mdogo, mpaka ikifika mwezi wa tisa imeshika joto lote, na kimbunga chakula chake ni hilo joto. Mwezi wa kumi na moja ukielekea mwisho bahari inaanza kupoa na vimbunga vinakosa cha kula. Kwa watu wa kaskazini huo ni wakati majani yanapukutika mitini. Kisiwani kwake hayapukutiki, lakini bahari, alisema, inajua.

"Hivi vinaanzia wapi?" nikamuuliza siku moja, kidole changu kikiwa kwenye moja ya yale mapovu.

"Vingi vinaanzia pwani ya Afrika Magharibi, Baba."

"Kumbe ni ndugu zetu!"

"Ndiyo. Wanavuka bila pasipoti."

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba hatari ya bahari ni ile ya juu, mawimbi na kuzama. Akanifundisha kwamba kimbunga hata kikipita mbali, siku mbili tatu nzima, kinatuma mawimbi mazito ya chini yanayovuruga mchanga mpaka huoni mkono wako. Mvua ikinyesha milimani, mito ya kisiwa inamwaga tope baharini na maji yanakuwa kama uji wa mtama. Akachagua upande wa magharibi wa kisiwa, kwa sababu upepo wao wa kila siku unatoka mashariki na kisiwa kinaupa mgongo. Akaweka siku za akiba. Akasema siku ya mwisho kabisa sitagusa maji, maana mtu aliyetoka kupumulia mtungi chini ya bahari hapandi ndege mpaka siku nzima ipite. Ile hewa iliyoshindiliwa kwenye damu lazima itoke taratibu, la sivyo inakuumiza. Mimi nilikuwa nasikiliza na kuitikia kwa kichwa. Kila nilipofikiria swali, yeye alishalijibu kwenye mpango wake.

Kuna daftari alinionyesha. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima na zaidi, ameandika upepo umetoka wapi, wimbi likoje, maji yanaonekana mpaka mita ngapi. Nikamwambia alifungue mbele ya kamera, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Siku alizokataa kushuka ameziwekea msalaba mwekundu. Misalaba ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea.

"Siku zote hizi hukushuka?"

"Sikushuka."

"Na mshahara wakakupa?"

"Wakanipa. Nililipwa kukaa."

"Kazi nzuri hiyo."

"Kukaa ndiyo ngumu, Baba. Wageni wanakununia."

Mimi mambo yangu niliyajua kwa kuumia. Huyu ameyajua kwa kuamka mapema na kalamu. Sikumwambia siku ile, lakini nilikwenda kulala nikiwa na furaha kama mtu aliyeoteshwa mali.

Alinipa na kazi zangu mbili: cheti cha daktari, na kujua kuelea. Nilikuwa nakwenda Shinyanga kuangalia mashamba ya mpunga, nikapita hospitali ya Kolandoto nikapigwa picha ya kifua. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akaitazama, akanitazama.

"Mzee, wachimbaji wenzako ninaowaona hapa kifua kina vumbi kama stoo ya mahindi. Wewe ulikuwa unapumua kwa kutumia nini?"

"Muda mrefu nilikuwa juu, nimeshika kamba. Na chini nilikuwa nafunga kitambaa chenye maji."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na saba."

"Na hiki cheti unakitaka cha kazi gani?"

Nilipomwambia, akavua miwani. Akasema amewaandikia watu vyeti vya udereva, vya jeshi, vya ndoa, lakini cha kupiga mbizi Karibi hajaandika. Akasoma maswali yote ya ile fomu, akanipulizisha mashine, akanipandisha ngazi mara tatu, akanipima masikio na moyo. Ndipo akatia saini.

Kuelea kulinitoa jasho zaidi. Kuna hoteli Geita ina bwawa, na mwalimu wake ni mama wa makamo, sauti kama ya kamanda. Siku ya kwanza nilishika ukuta wa bwawa saa nzima.

"Mzee, achia ukuta."

"Nikiuachia utanidaka?"

"Maji yatakudaka."

"Maji sikuyazaa mimi. Ndugu yangu wa hapa ni wewe."

"Basi kaa hapo hapo na ukuta wako. Huko Karibi wamejenga ukuta mpaka chini?"

Watoto waliokuwa wanaogelea upande wa pili walicheka hadi wakanywa maji. Nikauachia. Nilizama, nikanywa maji, nikatoka nikimlaani kila mtu, nikarudi. Wiki ya tatu nililala chali juu ya maji, masikio ndani, nikaona mbingu tupu, na yule mama akasema, "Haya mzee, sasa nenda kasalimie samaki."

Halafu ikaja wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, wiki yangu ile niliyoilipia.

Jumapili ya kabla yake povu moja kubwa lilikuwa kwenye ramani, na njia yake ilielekea kisiwani moja kwa moja. Binti akasema wanafunga madirisha kwa mbao na kupandisha boti nchi kavu. Nilikaa na wasiwasi siku tatu, naangalia simu kama kijana anayesubiri jibu la mchumba. Alhamisi akapiga.

"Baba, nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Kimbunga kimegeukia kaskazini. Hakikutugusa. Leo bahari imelala kabisa, maji meupe, tunaona mpaka chini. Ungekuwa hapa leo ungeshuka."

Sikujizuia. "Unaona! Unaona sasa! Nimelipa faini bure, nimetukanwa na mama yako bure!"

"Naona, Baba."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema nikiletewa tena wiki kama ile, na ramani kama ile, nitakataa tena."

Hakupandisha sauti. Wala hakuomba radhi. Nikakata simu.

Nikaenda zizini kuangalia ng'ombe, nisiangalie ng'ombe. Nilikuwa na hasira, halafu nikaona hasira ile naijua, niliwahi kuiona usoni kwa mtu mwingine, yule mwenye duara aliyenipiga kofi. Nilisimama pale na kinyesi kwenye katambuga, nikaona haya. Miaka yote nilikuwa najisifia ule ukaidi wangu wa winchi, lakini sehemu moja huwa naipitia haraka: kwamba duara lilipokataa kuanguka, mimi nilijificha. Niliona aibu ya kuwa sikuthibitishwa. Binti yangu naye hakuthibitishwa. Jua lilimwakia, bahari ikalala kama inamzomea, na yeye akachukua simu akanipigia kuniambia. Kusema hapana wakati ramani inatisha, wengi wanaweza. Kusimama na hapana yako kukiwa kumetulia hivi, mbele ya mzazi anayebweka, hilo mimi sikuliweza nikiwa na umri wake.

Nikampigia.

"Ile hapana yako," nikasema, "ilikuwa nzuri."

"Asante, Baba. Mwisho wa Novemba, basi?"

"Mwisho wa Novemba."

Ugumu wa Novemba ulikuwa wangu. Mvua za kwetu zikianza, nyumba yangu ina desturi moja: mfereji wa kwanza wa plau kwenye shamba la Shinyanga naupiga mimi. Tangu ninunue ng'ombe wangu wa kwanza wa kulima sijawahi kuukosa, hata mwaka nilioumwa malaria nilishikwa huku na huku nikaupiga. Mwaka huo mvua ikawahi. Ikanyesha vizuri wiki moja kabla ya safari yangu, udongo wa mbuga ukalainika, majirani wakafunga ng'ombe. Lakini mashamba yangu ya bondeni yalikuwa bado yamejaa maji, plau haiingii mpaka yashuke, na kushuka kwake kuliangukia siku zile zile nitakazokuwa Karibi.

Rafiki yangu mmoja, mzee mwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, tulikutana Katoro akaniambia mbele ya watu, "Mvua ya bure imekuja mlangoni unaikimbia, unafuata maji ya chumvi! Uzee umeingia kichwani."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu labda niache.

"Uache nini?"

"Safari. Mfereji wa kwanza nani ataupiga?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Kwani plau itakataa kwenda kwa sababu nimeishika mimi?"

"Wale ng'ombe wananijua mimi."

"Wanaijua fimbo. Na fimbo ninayo." Akaendelea kuchambua mchele, hakuniangalia. "Mtoto amekukatalia mwezi wako, ukanuna, akavumilia. Amekutafutia mwezi wake, sasa unataka kumtumia mvua imwambie baba haji? Nenda huko. Ukirudi ukute mpunga umepotoka, utanyoosha."

Basi nikaenda. Ndege tatu na viwanja ambavyo ukipotea unahitaji siku nzima kujitafuta. Binti alikuwa ananingoja. Alipiga goti kidogo pale pale, katikati ya watalii na masanduku yao, akasema shikamoo Baba, na watu wakageuka kututazama. Nikamjibu marahaba kwa sauti kubwa ili wasikie vizuri.

Nilikuwa na siku sita, na ya sita hairuhusiwi maji. Siku ya kwanza akanilaza nitoe uchovu wa safari. Siku ya pili upepo uligeuka, ukatoka upande ambao kisiwa hakiupi mgongo. Alikwenda ufukweni na daftari, akarudi, akasema, "Leo hapana." Siku ya tatu mvua ikanyesha milimani. Hapana. Siku ya nne jua likatoka, lakini mbele ya mto bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapana. Wageni wengine wawili waliokuwa wamelipia walikwenda kwa mtu mwingine mwenye boti, wakashuka, wakarudi wakasema hawakuona kitu ila pua zao.

Mimi nilikula samaki na ndizi za kukaanga, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu si jambo dogo, waulize wanaonijua. Jioni ya nne binti alikaa karibu yangu, akafungua daftari, akalifunga.

"Baba, kesho ndiyo ya mwisho. Ikikataa..."

"Ikikataa nitapanda ndege kurudi," nikamwambia. "Ukisema hapana sitakuuliza mara mbili."

Akaniangalia kwa muda kama anapima maji.

Asubuhi ya tano alitoka kukiwa bado na giza jembamba. Nilimfuata kwa mbali, nikasimama pale asiponiona. Aliingia majini mpaka magotini, akasimama bila kufanya kitu. Akatazama mlima. Akatazama kule mto unakoingilia. Akarusha kipande cha jani la mnazi akakifuata kwa macho kinavyokwenda. Halafu akavaa miwani yake ya majini, akatia uso ndani, akakaa hivyo mpaka mimi nikaanza kuishiwa pumzi kwa niaba yake. Alipotoka hakukimbia kuja kuniambia. Aliandika kwanza.

"Tunashuka," akasema. "Mita nane, dakika thelathini, na unanitazama mimi."

Nitasema nilichokiona, na asiyeamini basi. Duarani ukishuka mwanga unabaki juu, unakuwa mdogo kama sahani, kama kitufe, halafu unabaki na tochi yako. Kule mwanga ulishuka pamoja nasi. Masikio yaliniuma mita ya tatu, kabla sijaonyesha alishaniona, akanisimamisha, akashika pua yake nikashika yangu, nikapuliza, yakafunguka. Alikuwa amenishika kwenye mkanda wa mtungi, mkono mmoja, mwepesi, lakini nilijua hauachii. Chini kulikuwa na ukuta. Nimesimama mbele ya kuta nyingi maishani nikizitafutia dhahabu, huu ulikuwa unapumua. Vitu vinajikunja na kukunjuka, samaki wa njano wanaingia kwenye nyufa na kutoka kama watu wenye nyumba. Akanipeleka mahali alipopandikiza vipande vyake, mistari mitatu imefungwa kwa waya mwembamba, vingine vimeshika mwamba na kunenepa. Akavionyesha kimoja kimoja kwa kidole. Kwenye viwili vilivyokufa alikaa zaidi.

Nilimtazama akifanya kazi. Hakuna alichofanya kwa haraka. Kila mara jicho lake lilikwenda kwenye kipimo cha hewa yangu, kisha yake, kisha juu, kisha kwangu. Nimeajiri watu wengi katika maisha yangu. Huyo ningempa duara lolote.

Akaonyesha kidole gumba juu: tupande. Nikatikisa kichwa, nilikuwa bado sijashiba. Akaonyesha mara ya pili, na macho yale nyuma ya kioo hayakuwa ya kubembeleza. Tukapanda, taratibu, tukasimama njiani kama alivyopanga, mapovu yetu yakatutangulia.

Kwenye boti alinivua mtungi, akanifuta uso kwa taulo kama mimi ndiye mtoto.

"Umeonaje, Baba?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa tangu Katoro, maneno ya mzazi.

"Kazi unaijua," nikasema.

Aligeukia injini. Alikaa nayo muda mrefu, anafuta mahali palipokwisha kufutwa. Mimi nikainuka nimsogelee, nikajikwaa, nikashika ukingo wa boti.

"Baba, kaa chini basi," akasema bila kugeuka. "Bado una mapezi miguuni."

Nikakaa.